Hati ya Uwanja wa Bibi Sekela

Hapo zamani, na sisemi zamani ya mababu, nasema zamani ya juzi ambayo wengi wenu mlikwisha kuzaliwa, katika nyanda za juu, mahali panapoitwa Itunduma, alikuwapo mjane mmoja jina lake Sekela. Bibi Sekela alikuwa na shamba la pareto, na katikati ya shamba palikuwa na uwanja wa ndege wa zamani. Si uwanja wa lami, la. Ni uwanja wa majani, mrefu, ulionyooka, ambao marehemu mumewe aliusafisha enzi za ndege za kunyunyizia dawa. Ndege hizo zilikoma kuja. Uwanja ukabaki.

Bibi Sekela alikuwa na watoto wawili. Wa kwanza Asajile, mwanamume wa miaka thelathini na minne, mpole, asiyepaza sauti hata kwa ng'ombe. Wa pili Tusekile, dada yake, miaka ishirini na saba, mwepesi wa kucheka. Hao wawili tu. Yashikeni majina hayo.

Sasa sikilizeni habari za uwanja.

Kila Jumamosi walikuja watu wenye masanduku marefu. Ndani ya masanduku mlikuwa na ndege ndogo walizozijenga kwa mikono yao, za mbao laini na karatasi, zenye injini zinazoenea kiganjani. Walikuwa Chama cha Ndege za Mfano, na mwenyekiti wao alikuwa Mzee Ambakisye, aliyekuwa fundi wa ndege kubwa miaka thelathini kabla ya kustaafu. Mzee Ambakisye alikuwa mtu wa utaratibu. Hakurusha ndege bila kupima upepo. Hakurusha ndege bila kuwapigia simu watu wa mnara wa kiwanja cha ndege cha mkoa kuwaambia, "Tuko hapa, tuko wanane, hatuvuki kimo hiki." Bibi Sekela alimpenda kwa hilo. Alimwachia uwanja bure, kwa neno la mdomo tu.

Siku moja akaja mtu na begi mgongoni. Jina lake Lutengano, fundi simu wa pale stendi. Akafungua begi akatoa droni, droni aliyoiunga mwenyewe kwa vipande vya droni zilizokufa. Mabawa manne yanayozunguka, kamera tumboni. Akasema, "Shikamoo Mzee. Nimekuja kuomba kuingia chama."

Mzee Ambakisye akaitazama ile droni. Akaigeuza. Akasema, "Marahaba. Lakini hapa tunarusha ndege, kijana. Hii ni feni iliyofungwa kamera."

Wanachama wakacheka. Walicheka sana. Lutengano akairudisha droni begini, akafunga zipu, akaaga kwa adabu, akaondoka. Tangu siku ile alirusha peke yake, juu ya milima, juu ya bonde, popote moyo ulipomtuma.

Ikapita miaka mitatu. Droni zikawa nyingi nchini. Mamlaka ya usafiri wa anga ikatoa agizo: kila mwenye droni aiandikishe, na vyama vya warushaji viwapokee wenye droni, viwafundishe, viwakatie bima, viwape njia ya kuzungumza na mnara. Mzee Ambakisye akaitii barua ile kama alivyotii kila barua. Chama kikafungua mlango.

Wa kwanza kuingia alikuwa Mwalimu Subilaga, mwanamke aliyefundisha jiografia sekondari ya Itunduma. Alikuwa na droni ndogo ya dukani, akiitumia kuwaonyesha wanafunzi jinsi mto unavyojipinda. Akajaza fomu, akapewa namba, akapewa redio ya upepo ya kuwasiliana na mwenyekiti.

Kisha Mwalimu Subilaga akaenda stendi, kibandani kwa Lutengano. Walifahamiana, maana wenye droni mahali padogo hufahamiana.

"Fundi, ingia chama," akamwambia. "Siku droni yako ikimwangukia mtu kichwani, nani atasimama nawe?"

"Nitasimama mwenyewe, Mwalimu."

"Na siku ndege ya wagonjwa ikipita ulipo, nani atakuambia?"

"Nina masikio."

"Masikio hayatoshi, kaka yangu."

Lutengano akaweka chini bisibisi. "Nilikwenda kwa miguu yangu," akasema. "Sijasahau walivyonifanya. Kama wananitaka, aje aliyenifukuza."

Mwalimu Subilaga akayafikisha maneno hayo. Na Mzee Ambakisye, kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, akaenda. Akasimama mbele ya kibanda, kofia mkononi.

"Lutengano, chama sasa kinapokea droni. Nimekuletea fomu."

"Mzee, siku ile ulisema ni feni. Leo ni nini?"

Neno moja tu lilikuwa linatakiwa pale, na kila mmoja wenu analijua. Mzee akasema, "Sikuja kuzungumza ya zamani. Fomu hii hapa."

Lutengano akaichukua fomu kwa mikono miwili, akamrudishia kwa mikono miwili.

Ndivyo ilivyokuwa. Mmoja ndani, mmoja nje, na mlango uko wazi katikati yao.

*

Mwaka uliofuata mvua za masika zilikuja na hasira. Mto Lihala, unaopita chini ya shamba la Bibi Sekela, ulijaa, ukapungua, ukajaa tena. Asubuhi ya Jumanne moja Asajile na Tusekile walishuka bondeni kuwatoa mitamba waliokuwa malishoni ng'ambo ya mto. Waliwaaga watu kwamba wanakwenda malisho ya chini, karibu na daraja. Lakini mitamba walikuwa wamepanda juu, kuelekea korongoni, nao wakawafuata. Hakuna aliyejua.

Saa tatu hivi maji yakashuka kwa kishindo. Watu walisikia mngurumo kabla ya kuona kitu. Malisho ya chini yakafunikwa yote, hata vichwa vya matete havikuonekana. Bibi Sekela alitoka nje na kanga moja, akasimama ukingoni, akaita majina mawili. Akaita Asajile, akaita Tusekile. Maji yalimjibu.

Polisi wakaja, wazima moto wakaja kutoka mjini. Mashua haikuweza kuingia. Wakaomba helikopta kutoka mkoani, wakaambiwa itafika baada ya saa moja, na kwamba ukungu umekaa milimani, kwa hiyo itapita njia moja tu: itafuata mto kupitia korongoni.

Mkuu wa polisi akamgeukia Mzee Ambakisye. "Mzee, watu wako wanaweza kutafuta?"

Mzee akapiga simu mnarani. Akapewa ruhusa, na ruhusa ilikuwa na mpaka: droni ziruke upande wa chini wa daraja tu. Upande wa juu, korongoni, ndiyo njia ya helikopta, isionekane droni huko. Mzee akaandika, akasoma alichoandika, akamwita Mwalimu Subilaga. "Chini ya daraja, Mwalimu. Kokote kwingine hapana."

"Nimeelewa, Mzee."

Mwalimu Subilaga akarusha. Akapekua maji kipande kwa kipande, kama mtu anayepiga pasi shati, asiache mkunjo. Akaona paa la banda. Akaona ng'ombe aliyekufa. Watu hakuwaona.

Na hapa niwaambie jambo ambalo siku ile hakulisema. Alipokuwa akibadilisha betri, aliinua macho akamwona Lutengano akipanda njia ya juu, begi mgongoni, akienda mbio. Alijua anakwenda wapi. Alijua lililomo begini. Redio ilikuwa kiunoni mwake. Hakuitoa. Akainama, akaweka betri, akarusha tena upande wa chini.

Lutengano alifika juu ya korongo akihema. Hakujua habari ya ruhusa wala ya mpaka. Hakujua helikopta itapita wapi. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu hakuwa mtu wa kuambiwa. Alijua jambo moja: mitamba hupanda mto mvua ikinyesha, maana alikua akichunga. Akairusha droni yake korongoni, ndani ya ukungu, chini, chini, mpaka ikakaribia maji.

Akawaona.

Mti mkubwa ulikuwa umeanguka ukakwama kati ya mawe mawili. Juu ya shina Tusekile amekaa, miguu majini. Asajile alikuwa ndani ya maji hadi kifuani, mkono mmoja umekumbatia shina, mkono wa pili umemshika dada yake. Tusekile akaisikia droni ikilia, akainua uso, akapunga kitambaa cha kichwa.

Lutengano akapiga kelele peke yake pale mlimani. "Wapo! Wapo hai!" Akapiga simu, mtandao hakuna. Mkulima mmoja alikuwa karibu, akamtuma akimbie darajani. Mkulima akakimbia. Lakini kutoka pale mpaka darajani ni mwendo wa dakika thelathini, tena njia ni tope.

Yeye akabaki, vidole kwenye rimoti, macho kwenye kioo, droni imesimama hewani juu ya watu wawili.

Ndipo helikopta ikaingia korongoni.

Rubani aliona taa nyekundu mbele yake ndani ya ukungu. Hakujua ni ya nani. Hakujua itakwenda kulia au kushoto. Alikuwa na watu watatu ndani. Akageuza, akatoka korongoni, akatua kwenye uwanja wa majani wa Bibi Sekela, akasema redioni, "Kuna droni katika njia yangu. Siingii tena mpaka mtu aniambie ni ya nani, na amsemee kwamba atatii."

Mzee Ambakisye akamwita Mwalimu Subilaga kwa redio. "Ni yako?"

"Yangu iko chini ya daraja, Mzee. Sasa hivi naishusha."

Mzee akamjibu rubani. "Zetu zote ziko chini. Hiyo si yetu."

"Ni ya nani?"

Mzee alijua ni ya nani. Pale Itunduma hakukuwa na mwingine. Akasema, "Si mwanachama. Siwezi kumsemea."

"Basi nasubiri," akasema rubani.

Wakasubiri. Bibi Sekela alikuwa pale, anaitazama helikopta iliyokaa kimya kwenye majani yake. Akauliza, "Mbona haipandi?"

Mwalimu Subilaga akatupa kila kitu chini, akabaki na redio, akapanda mlima mbio. Alianguka mara mbili. Njiani akapishana na mkulima, akaambiwa, "Wameonekana!" Akafika kwa Lutengano magoti yana damu.

"Fundi, itoe droni! Umeizuia helikopta!"

Lutengano hakuondoa macho kwenye kioo. "Nikiitoa ukungu utaziba. Hawataonekana tena. Waambie waje, nikisikia inakaribia nitaishusha."

"Hawaji mpaka uitoe!"

"Wakija bila kujua walipo, watapita juu yao bila kuwaona. Tazama mwenyewe."

Mwalimu akatazama. Akaona shina. Akaona kitambaa. Pembeni ya kioo zilikuwepo namba za mahali. Akazisoma, akazirudia, akabonyeza redio.

"Mzee, nawaona. Wote wawili. Andika." Akataja namba moja moja. "Lutengano yuko hapa. Atashusha droni helikopta ikikaribia. Lakini lazima mtu amsemee kwa rubani, Mzee. Lazima mtu amsemee."

Mzee akaandika namba zote karatasini. Kisha Mzee Ambakisye, mtu ambaye maisha yake yote hakuandika namba ya uongo hata kwenye daftari la skrubu, akamwendea rubani akasema, "Nilikosea. Yule ni mwanachama wetu. Namba kumi na nne. Namfahamu, nimemfundisha, namsemea. Wanaotafutwa wako hapa." Akampa karatasi.

Helikopta ikapanda. Ikaingia korongoni. Lutengano alipoisikia akaishusha droni juu ya jiwe. Helikopta ikaenda moja kwa moja mpaka mahali pale, ikateremsha kamba, ikainuka na mtu mmoja.

Mtu mmoja. Tusekile.

Walipomshusha uwanjani, mama yake alimshika uso kwa mikono miwili, akatazama nyuma yake, akasubiri mwingine ashuke. Mlango wa helikopta ulikuwa wazi. Hakushuka mwingine.

Baadaye Tusekile alisimulia, mara moja tu, hakurudia tena. Alisema, "Tulisikia helikopta. Kaka akaniambia, 'Haya, wamefika, shikilia.' Kisha sauti ikapotea. Kaka akasema, 'Inatafuta njia, itarudi.' Tukakaa. Droni ilikuwa pale juu yetu, haikuondoka. Baridi ilikuwa kali. Mkono wake ukawa mzito. Shina likageuka kidogo, kidogo tu. Nilimshika vidole. Sikuweza."

Mwili wa Asajile ulipatikana siku ya tatu, chini ya daraja.

*

Wakamzika. Watu walikuwa wengi mpaka wengine walisimama ndani ya pareto. Lutengano alikuja, akasimama nyuma, akaondoka bila kula. Mwalimu Subilaga alipika na wanawake wengine. Na Mzee Ambakisye, wiki moja baada ya maziko, alikwenda mwenyewe mamlakani akasema, "Nilidanganya rubani." Wakamshukuru kwa kusema kweli, wakamnyang'anya kibali cha kurusha. Miaka arobaini alikuwa akirusha.

Arobaini ya marehemu ilipopita, Bibi Sekela akawaita wote uwanjani. Akaweka meza ndogo kwenye majani, na juu ya meza karatasi na kalamu. Tusekile alikaa kando yake. Wanachama walikuwepo, majirani walikuwepo.

Bibi Sekela akasema:

"Uwanja huu niliutoa kwa mdomo. Mdomo wangu umezeeka, sasa nataka kuandika. Nina maneno mawili tu. La kwanza: nitamwandikia uwanja yule aliyenirudishia Tusekile. La pili: yule aliyenipotezea Asajile asikanyage tena hapa, mimi nikiwa hai na nikiwa nimekufa. Nimekaa siku arobaini nawatenganisha watu hao wawili. Nimeshindwa. Semeni."

Akasimama katibu wa chama, akasema, "Mama, kiandikie chama. Weka na sharti, kila mwenye droni anayetaka kurusha Itunduma aingie chama kwanza. Hapo jambo hili halitajirudia."

"Na wewe unasemaje?" Bibi akamuuliza Lutengano.

Lutengano akavua kofia. "Mama, mimi uwanja siutaki. Lakini umeniuliza, nami nitasema. Kama siku ile ningekuwa chamani, ningekuwa chini ya daraja pamoja na Mwalimu, napekua maji yasiyo na mtu. Nilikuwa nje, kwa hiyo nilikwenda walipokuwepo. Niliwaona mimi. Nilibaki juu yao mimi. Nisingekuwepo, ungezika wawili, au usingepata hata wa kuzika."

"Hapana," akasema Mwalimu Subilaga. "Ungekuwa chamani, ungekuwa na redio. Ungesema, 'Mzee, mitamba hupanda mto,' na Mzee angeomba ruhusa ya korongoni, na helikopta isingegeuka. Helikopta ilipita njia ile ile, Fundi. Ingewakuta wote wawili."

"Ingewakuta au ingewapita? Ukungu uliuona."

"Sijui. Wewe pia hujui."

Rubani alikwisha kuulizwa hilo na polisi. Alisema hawezi kuapa.

Bibi Sekela akamtazama Mwalimu. "Wewe ulisoma namba. Bila namba zako wasingefika. Mbona huombi kitu?"

Mwalimu Subilaga akasogea mezani. Kisha akasema lile ambalo siku ile hakulisema. "Kwa sababu nilimwona, Mama. Nilimwona akipanda na begi. Redio ilikuwa hapa kiunoni. Ningesema neno moja, Mzee angemwambia rubani mapema, wangepatana. Sikusema. Nilijua akikamatwa korongoni atashtakiwa. Na nilikuwa nimechoka kutafuta mahali nilipoambiwa, moyo wangu ulitaka yeye aende nisikoweza kwenda mimi. Nilimwachia. Sikumzuia na sikumsaidia."

Watu wakaguna. Lutengano akamtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

Akabaki Mzee Ambakisye. Alisimama kwa shida, akajishika kwenye meza.

"Dada yangu Sekela," akasema, "neno lililoinua helikopta lilitoka kinywani mwangu. Nililipa kwa kibali changu, na silii kwa hilo. Lakini neno lile ningeweza kulisema mwanzo. Dakika ishirini na tano nilisimama hapa nikisema, 'Si wetu, siwezi kumsemea.' Ilikuwa kweli. Nilikuwa nasema kweli, na mwanao alikuwa anashikilia mti. Kisha nikasema uongo, na binti yako akapona. Sijui nikueleze nini. Na kama kijana huyu alikuwa nje, aliyemweka nje ni mimi. Nilimfukuza kwa kicheko, na nilipokwenda kumrudisha nikapeleka karatasi badala ya kumwomba radhi." Akamgeukia Lutengano. "Nisamehe."

Lutengano akasema polepole, "Na mimi, Mzee, mlango ulipofunguliwa sikuingia. Nilitaka nikuone unavyoinama. Ningejua gharama yake..."

Bibi Sekela akamgeukia binti yake. "Wewe ulikuwepo. Sema."

Tusekile akatikisa kichwa. "Mama, mimi naujua mkono wa kaka tu. Waliokuwa juu sikuwaona."

Upepo ukapita majanini. Bibi Sekela akaivuta karatasi, akaandika tarehe, akaandika jina la kijiji, akaandika mipaka ya uwanja, kaskazini mpaka mfereji, kusini mpaka barabara. Alipofika mahali pa jina akasimamisha kalamu.

Chini yake aliacha mstari mwingine, wa yule asiyetakiwa kukanyaga tena.

Na chini kabisa nafasi ya sharti aliloliomba katibu: kwamba anayerusha lazima aingie chama, au kwamba asilazimishwe.

Akainua uso, akatutazama sote tuliosimama pale. Hakuwa analia. Alikuwa anangoja, kama mnavyoona mtu anayengoja apewe maji. Nilikuwepo, na mimi sikupata la kumwambia. Ndiyo maana nimekuja kwenu.

Lutengano aliwaona pale ambapo hakuna mwingine aliyetazama, na kwa sababu yake helikopta iligeuka. Mwalimu Subilaga alizileta namba, na alinyamaza alipopaswa kusema. Mzee Ambakisye alisema uongo uliookoa, baada ya kusema kweli iliyochelewesha. Jina moja linatakiwa juu, na jina moja linatakiwa chini.

Je, nani alistahili uwanja? Nani alistahili kufukuzwa? Na kama kwa maswali yote mawili mnataja mtu yule yule, mwambieni Bibi Sekela, kalamu iko mkononi mwake: aandike nini?